Siku ya Manjano kwa Kina Khot

"Giza na kimya," nesi alisema. "Hivyo viwili tu. Dawa nimempa, lakini dawa bila kimya ni kazi bure."

Prafulla Behera alisimama karibu sana na meza, macho yake yakiwa mdomoni mwa nesi, kama alivyozoea kuitazama midomo ya watu wote. Mashine za kufuma zilikuwa zimemla masikio. Alitoka Ganjam, Odisha, akiwa kijana bado anaota ndevu, akaja Ichalkaranji, mji wa viwanda upande wa pili wa nchi, kufuma vitambaa, na tangu hapo kila usiku alisimama katikati ya mashine zinazogonga kama mvua ya mawe juu ya bati.

Nesi akarudia, sasa kwa Kihindi cha polepole. "Presha yake iko juu. Miguu imevimba, kichwa kinamgonga, na bado miezi miwili. Hapa wodini wanalala wawili wawili kitanda kimoja, kelele tupu. Nyumbani ni afadhali. Mlaze chumba chenye giza, asishtuliwe. Akianza kuona nyota machoni, usingoje, mlete mbio. Anaweza kuanguka kifafa cha mimba, na hicho kinaua. Umeelewa?"

"Nimeelewa," Prafulla akasema, na foleni nzima ya wajawazito ikageuka kumtazama, maana alikuwa amepiga kelele.

"Basi anza wewe mwenyewe kupunguza sauti," nesi akasema, akaita jina la mwingine.

Kuntala, mkewe, akavuta upindo wa sari akajifunika uso. Aliona aibu, tena kicheko kilimkaba. Kwao mke hamtaji mume kwa jina, yeye alimwita "Unasikia?" tangu walipooana, na miaka hii ya karibuni jibu la swali hilo lilikuwa hapana. Nje ya hospitali alimgusa bega ili amtazame mdomo.

"Unasikia? Usiwapigie watu kelele. Wanadhani unagombana."

"Sikupiga kelele," alisema Prafulla, na mbwa aliyelala chini ya bajaji akaamka akaondoka.

*

Walipofika mtaani, bajaji haikuweza kupita. Pikapu ilikuwa imeziba njia na vijana walikuwa wakishusha spika, kila moja kubwa kama kabati la nguo. Walizipanga ukutani kwa kina Khot, moja juu ya nyingine, hadi zikafika usawa wa dirisha la chumba ambacho Prafulla na Kuntala walipanga kwa Hausabai Chougule. Kati ya spika na kitanda cha Kuntala palibaki ukuta wa tofali moja na mtaro wa maji machafu.

Mwenye spika alikuwa Ranjit Khot, mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Kazi yake ilikuwa kukodisha muziki kwa harusi na sikukuu. Mdogo wake, Sandesh, alikuwa anaoa kesho yake, na leo ilikuwa siku ya kumpaka manjano mwilini, desturi yao kabla ya ndoa. Ranjit alikuwa amelala saa chache tu. Wageni wangekuja kutoka Miraj na Sangli, na wakwe, na wenyeviti wawili wa vikundi vya sikukuu ambao walikuwa bado hawajaamua wakodi muziki wa nani. Manjano ya mdogo wake yalikuwa furaha, na yalikuwa pia duka lake lililofunguliwa hadharani.

Prafulla alimpitisha mkewe kando ya pikapu, amemshika mkono. Ranjit aliwaona. Aliwajua kama watu wa mashine wanavyojulikana mtaani: sura bila majina.

Chumbani Prafulla alitundika blanketi dirishani. Kuntala alijilaza ubavu wa kushoto. Hazikupita dakika nyingi, spika zikajaribiwa. Sauti haikuja kama sauti. Ilikuja kama teke. Sufuria zilicheza rafuni, chupa ya dawa ikatambaa hadi ukingoni mwa kigoda ikaanguka. Kuntala alijishika kichwa kwa mikono miwili, akakunja magoti hadi yakagusa tumbo.

Prafulla hakuyasikia maneno ya wimbo, lakini alihisi sakafu ikipiga chini ya nyayo zake, na aliuona uso wa mkewe.

*

"Mimi siwezi kwenda," alisema Hausabai. Alikuwa mjane mwenye meno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. "Nikienda mimi, wataongeza. Mimi na Indubai, mama yao, hatujasalimiana tangu tulipogombania mtaro huu. Tulipelekana mahakamani kwa ajili ya maji machafu, ujinga gani. Utakwenda wewe mwenyewe, mwanangu. Lakini utaomba kwa Kimarathi, lugha ya hapa. Ukiwaambia kwa Kihindi leo, wamekunywa, watapata sababu ya ugomvi."

"Kimarathi changu ni cha kiwandani, mama mdogo," Prafulla alisema. "Najua 'lete uzi' na 'mashine imekufa'."

"Usinipigie kelele, mimi siyo mashine. Nitazame mdomo. *Bhau, jara avaaj kami karal ka.* Kaka, tafadhali, mtaweza kupunguza sauti kidogo? Sema."

Alisema. Hausabai akaziba masikio.

"Maneno ni sawa, sauti siyo. Unaomba, hudai. Na usikate mwisho. *Karal ka*, hivyo ndivyo unavyomwomba mtu mwenye heshima zake. Ukisema *kar* ukaishia hapo, umemwamrisha mtoto, au mbuzi. Unanielewa?"

"Mbuzi," alisema Prafulla.

Kuntala, kitandani gizani, alicheka kidogo, kisha akanyamaza kwa sababu kucheka kuliuma.

Hausabai akauchukua mkono wa Prafulla akauweka kwenye koo la Prafulla mwenyewe. "Husikii sauti yako, basi ishike. Hapa pakitetemeka sana, umepiga kelele. Pakitetemeka kidogo kama paka anayelala, hiyo ndiyo sauti ya kuombea. Rudia."

Prafulla alirudia, mkono kooni, tena na tena, hadi Hausabai akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alivaa shati lake safi. Mlangoni Kuntala alimwita.

"Unasikia?"

Aligeuka, kwa bahati tu.

"Wakikataa, rudi. Usibishane. Nitajifunika mto."

*

Uani kwa kina Khot kila kitu kilikuwa cha njano: turubai, maua, sari za wanawake, na Sandesh mwenyewe, aliyekaa juu ya kigoda amepakwa manjano usoni, kifuani, hadi kwenye vidole vya miguu. Mama yake, Indubai, alikuwa amechutama kando yake na bakuli. Wanaume walicheza mbele ya spika, mikono juu. Rafiki wa Ranjit aitwaye Pintya, mtu wa maneno mengi, alishika maikrofoni na kutangaza majina ya wageni.

Prafulla alipita katikati yao, mabega ameyakunja, akasema samahani kwa kila aliyemgusa. Ranjit alikuwa nyuma ya amplifaya pamoja na wale wenyeviti wawili. Prafulla alisimama mbele yake, akaunganisha viganja kwa heshima, kisha akaupeleka mkono kooni.

Koo lilikuwa linatetemeka kabla hajafungua mdomo. Kifua kilitetemeka, meno yalitetemeka. Muziki ulikuwa ndani yake kila mahali na mkono haukumwambia chochote. Ranjit aliona mtu amesimama mbele ya wageni wake, amejishika koo, anamkodolea macho mdomoni.

"Unataka nini?"

Sentensi aliyoibeba kwa uangalifu kutoka chumbani ilimponyoka. Alikamata kipande kilichobaki, na kwa kuwa Ranjit aliinama na kuonyesha sikio kwamba hasikii, akakisema kwa nguvu zake zote. Ndipo wimbo ukaisha. Katika kile kimya kabla ya wimbo mwingine kuanza, ua zima likamsikia mfuma vitambaa kutoka Odisha akimfokea mwenye nyumba: "*Avaaj kami kar.*"

Punguza sauti, wewe.

Mtu mmoja akacheka. Mwenyekiti mmoja akamtazama mwenzake. Ranjit alihisi damu ikimpanda, lakini kwanza alitabasamu, kwa sababu wateja walikuwa hapo.

"Amesema nini huyu? Pintya, mpe maiki. Sisi wengine hatukusikia vizuri."

Pintya alimwekea maikrofoni mdomoni. "Sema tena, ndugu yangu wa Odisha. Sema Kimarathi chako, wakwe wakisikie."

Ua lilikuwa kimya sasa. Prafulla alirudisha mkono kooni. Akilini alimwona paka anayelala. Akasema polepole, bila kukosea hata herufi: "*Bhau, jara avaaj kami karal ka.*"

Chumbani, upande wa pili wa mtaro, Kuntala aliisikia sauti ya mumewe ikitoka kwenye spika zile kubwa, laini na ya upole kama ambavyo hakuwahi kuisikia tangu masikio yake yaharibike. Hausabai, aliyekaa kando yake akimkanda miguu, alisema, "Ametulia. Amesema vizuri kabisa."

Uani watu walipiga makofi. Sandesh, kwenye kigoda chake, alisema, "Kaka, ameomba vizuri, punguza kidogo." Na huenda mambo yangeishia hapo. Ranjit alikuwa hata amekwisha kuweka vidole kwenye kitufe. Lakini aliuliza, kwa kutania tu, "Nani mwalimu wako?"

Swali hilo Prafulla alilielewa, akafurahi kwa kulielewa. "Mama Hausabai," alisema kwenye maikrofoni.

Vidole vya Ranjit viliondoka kwenye kitufe.

"Kumbe. Bibi kizee wa mtaro ndiye amekutuma."

"Hapana, hakunituma. Mke wangu..." Kimarathi kilikuwa kimemwishia. Alihamia Kihindi, na sauti kutoka nyuma ikasema, "Kimarathi, Kimarathi," na wengine wakaidaka wakiimba na kupiga makofi. Prafulla hakulijua neno la kifafa kwa Kimarathi, wala la mimba. Basi alitumia mikono. Alichora tumbo kubwa mbele ya tumbo lake. Kisha akatetemesha mwili mzima, akageuza macho, ili wamwone mtu anavyoanguka.

Wakwe walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

Pintya, ambaye kazi yake ilikuwa kuchekesha na ambaye alikuwa amekunywa tangu asubuhi, akainamia maikrofoni. "Anasema bibi harusi ameshashiba, jamani. Anasema tuwahi, kabla hajajifungulia hapa uani."

Kicheko kilianza, kikafa katikati. Baba wa bibi harusi alisimama. Alitazama viatu vyake vilipo. Ranjit aliona harusi ya mdogo wake ikisimama pamoja na yule mzee, na akaona wateja wake wakitazama pembeni, na mtu wa kumlaumu alikuwa palepale mbele yake, amejishika tumbo.

Alimpiga kofi. Prafulla aliunganisha viganja kuomba radhi. Ranjit alimpiga la pili kwa mkono wa kushoto. Maikrofoni ilianguka chini, ikiwa bado hai.

*

Kilichofuata mtaa mzima ulikisikia.

Spika zilizopangwa kwa ajili ya kufikisha wimbo mtaa wa tatu zilifikisha kofi, kisha ngumi, kisha mlio mfupi wa mtu aliyekatika pumzi. Zilifikisha nyayo za wanaume wengi wakikimbilia mahali pamoja. Katika duka la chai mwisho wa mtaa watu waliacha vikombe. Zilifikisha maneno: mgeni wewe, unakula kwetu, unatukana binti wa watu. Zilifikisha sauti ya Prafulla, ambaye sasa hakuwa na mkono kooni, akiita kwa Kiodia, lugha ambayo hapo uani hakuna aliyeijua, "Mama, nakufa, mama."

Ranjit aling'oa bomba la chuma lililokuwa mguu wa spika ndogo. Alipiga bega. Alipiga mbavu, mara nyingi. Prafulla alijikunja chini kati ya maua na akaweka mikono juu ya kichwa. Bomba likavunja vidole viwili, kisha likapata njia, likatua sikioni upande wa kushoto. Damu ilitoka sikioni ikashuka shingoni. Pintya alimpiga mateke kwa bidii ya mtu anayejua kosa ni lake. Sandesh alijaribu kumshika kaka yake kiunoni, lakini mwili wake wote ulikuwa na manjano na mafuta, akateleza.

Indubai alibaki amechutama na bakuli lake mkononi. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuinuka. Ranjit alikuwa mwanawe. Akikasirika namna hiyo, hata yeye alimwogopa.

Kuntala alikuwa amekwisha kuinuka. Hausabai alimng'ang'ania mkono. "Lala, binti yangu. Lala, utakufa wewe na mtoto. Nitakwenda mimi."

"Wanamuua," Kuntala alisema. "Husikii? Wanamuua." Akamsukuma.

Alitoka bila viatu, nywele zimefumuka, akavuka mtaro. Nyota zilikuwa zimeanza kumchezea machoni tangu ngumi ya kwanza. Wanawake wa uani walimpisha, kwa sababu mtu yeyote angempisha. Alimwona mumewe chini, uso haujulikani ni uso, na bomba limeinuliwa. Alifungua mdomo kusema jambo. Shingo ikakaza, ikageukia upande mmoja, macho yakapanda, na akaanguka chali juu ya vikapu vya maua, akaanza kupigwapigwa na mwili wake mwenyewe, visigino vikigonga sakafu, povu la damu likimtoka mdomoni alipong'ata ulimi.

Hapo watu wakaelewa mikono ya Prafulla ilikuwa inasema nini.

Ranjit hakuwa ameona. Bomba lilikuwa bado juu. Hausabai alifika nyuma yake na mchi wake wa kutwangia pilipili, na yule bibi ambaye hakuweza kubeba ndoo ya maji akaushusha mchi ule kwa mikono miwili juu ya kifundo cha mkono wa Ranjit. Mfupa ulisikika, kwa kuwa maikrofoni ilikuwa karibu. Bomba likaanguka.

"Tena nipishe," Hausabai alisema, akihema, "nisije nikakumalizia na mkono huo mwingine."

Indubai akaliacha bakuli. Alitambaa kwa magoti hadi kwa Kuntala, akamgeuza ubavu, akamshika kichwa kisigonge sakafu, mikono yake ya njano ikimpaka mgonjwa mashavu na paji la uso. "Gari," alisema. "Leteni gari."

Gari lilikuwa ile pikapu ya spika. Sandesh ndiye aliyeiendesha, bwana harusi mwenye manjano hadi kwenye kope, na walinzi wa lango la hospitali walidhani amelewa.

*

Mtoto alitolewa kwa upasuaji jioni ile ile. Alikuwa wa kike, mdogo, rangi ya figo, akawekwa kwenye sanduku la kioo. Kuntala hakuamka siku hiyo, wala iliyofuata. Prafulla alilazwa wodi ya wanaume, ghorofa ya chini. Mbavu zilikuwa zimevunjika, taya limefungwa kwa waya. Daktari alimmulika sikio la kushoto akasema hilo basi, hakuna kitu tena mle. La kulia lilibaki na kile kidogo lilichokuwa nacho.

Ranjit aliwahi polisi kabla ya mtu yeyote, mkono umefungwa plasta. Alieleza kwamba mtu wa kuja aliingia kwenye shughuli ya familia, akaamrisha, akamtukana bibi harusi kwa ishara chafu mbele ya baba yake. Askari aliyekuja hospitalini alivuta kiti, akamtazama Prafulla, akamwambia Hausabai, "Wote wameumia. Yamalizeni nyumbani. Huyu ni mtu wa kupanga, kesho atahama, nyinyi mtabaki majirani."

"Majirani gani," alisema Hausabai. "Mimi na wao tunagawana mtaro tu."

Pengine yangemalizwa nyumbani, lakini watu wa Ganjam wanaofuma kwenye viwanda vile walizizima mashine zao usiku ule. Hawakuandamana wala hawakubeba bango. Walikaa sakafuni kati ya nyuzi, mikono magotini, wakakataa. Tajiri wa kiwanda, ambaye hakujua hata kama Prafulla ana mke, alifikiri oda yake ya vitambaa, akapiga simu kwa mtu, naye akapiga kwa mwingine. Kesho yake askari yule yule alirudi na kofia kichwani, akaandika kesi, na Ranjit akawekwa ndani.

Lakini mashahidi hawakupatikana, ila Hausabai, adui wa zamani aliyemvunja Ranjit mkono. Duka la chai lilikuwa limefungwa siku hiyo, alisema mwenye duka. Jirani wa mbele alikuwa amelala. Wengine walisikia muziki tu. Kelele iliyofika mtaa wa tatu haikuwa imemfikia mtu hata mmoja.

*

Kuntala alipofumbua macho, alimwuliza Hausabai swali moja, na Hausabai akamjibu kwamba wote wawili wako hai. Alilia bila sauti, kisha akalala. Alipoamka tena, Indubai alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na mfuko wa machungwa.

Wanawake wale wawili wa Chougule na Khot walitazamana. Hawakuwa wamesemezana miaka mingi, na sasa mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti pekee cha wageni. Hausabai hakuinuka. Indubai aliweka machungwa chini, akachutama kando ya kitanda, kama alivyochutama siku ile. Manjano yalikuwa bado kwenye mizizi ya kucha zake.

"Mwambie nimekuja kumtazama," alisema Indubai.

"Anaelewa Kihindi. Mwambie mwenyewe," alisema Hausabai. Kisha akamhurumia. "Sema. Nitamfikishia."

"Mwambie mwanangu hakujua. Angejua kuna mgonjwa, asingefanya. Kazi yake imekufa sasa, nani atakodi spika zake? Mkono hautanyooka. Sandesh ameoa bila hata wimbo, wakwe hawatusemeshi vizuri. Mwambie tumeadhibiwa vya kutosha. Mumewe akisema alianguka ngazini, sisi tutagharamia hospitali yote, na mtoto."

Hausabai alifikisha maneno, kwa Kihindi chake kilichovunjika, bila kuongeza lake. Kuntala alimsikiliza hadi mwisho. Ulimi wake ulikuwa umeshonwa, akasema polepole sana.

"Mama alikuwa uani?"

"Nilikuwa," alisema Indubai.

"Mume wangu alisema nini kwenye ile maikrofoni?"

Indubai aliusogeza mfuko wa machungwa chini ya kitanda.

"Mimi nilisikia, nilikuwa nyuma ya ukuta. Lakini mimi ni mkewe, polisi hawanihesabu. Mama alikuwa karibu. Alisema nini?"

"Aliomba," alisema Indubai.

"Aliomba vibaya?"

"Aliomba vizuri. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili aliomba vizuri, kama mtoto wa nyumba yenye adabu."

"Basi nenda ukawaambie hivyo."

"Ni mwanangu, binti."

"Najua," Kuntala alisema. "Na mimi nimeambiwa ninaye wangu huko kwenye kioo, sijamwona bado." Akageuza uso upande wa ukuta.

Indubai alipotaka kuinuka, Hausabai, akinung'unika, alimpa mkono.

Indubai hakwenda polisi siku hiyo. Alikwenda juma lililofuata, baada ya Ranjit kutolewa kwa dhamana na kuja nyumbani, kukaa mezani na kumwambia mdogo wake kwamba angepata nafasi nyingine angepiga vizuri zaidi. Alikuwa anasema kwa sababu mkono ulimuuma na Pintya alikuwa anasikiliza, lakini alisema. Indubai alimaliza kupika mkate wa mtama, akanawa mikono, akatembea peke yake hadi kituoni. Aliwaeleza yote, tangu mkono kooni hadi bomba. Walipomuuliza kama anajua atakachomfanyia mwanawe, alisema anajua, wamwandikie haraka kabla hajabadilika moyo. Ranjit alirudishwa ndani jioni, na safari hii dhamana ilikataliwa.

Tangu siku hiyo wanawake wa mtaa waliacha kumgongea Indubai mlango. Watu wa nyumba yake mwenyewe walimpakulia chakula na kumwekea bila kusema karibu.

*

Mtoto alipofikisha uzito wa kuruhusiwa, Prafulla alitafuta chumba karibu na watu wa kwao, upande mwingine wa mji. Hausabai hakuwafukuza. Lakini mawe yalikuwa yameanza kudondoka juu ya paa lake kila jioni, na vigae vilivyovunjika ni vyake. Siku ya kuhama alipakia vyombo vyao kwenye mkokoteni yeye mwenyewe, akiwagombeza kwa kila sufuria waliyofunga vibaya.

Walipita mbele ya kina Khot. Uani hapakuwa na kitu, ila alama za miraba minne mikubwa ukutani pale spika zilipokuwa zimesimama. Indubai alikuwa ameketi kizingitini akichambua mchele. Aliwaona, akaweka ungo chini. Alisema neno, kwa sauti ndogo sana, ya mtu asiyejua kama ana ruhusa ya kusema.

Prafulla hakumsikia. Aliendelea kusukuma mkokoteni. Kuntala ndiye aliyesimama, mtoto kifuani, na mumewe alipoona yuko peke yake akageuka.

"Kuna nini?"

Kuntala alisogea mbele yake ili amwone mdomo. "Unasikia? Ameuliza jina la mtoto."

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

Prafulla alimtazama yule mama kizingitini. Taya lilikuwa bado halifunguki vizuri, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika. Alimtazama mkewe, na Kuntala hakumkataza wala hakumkubalia; alimpandisha tu mtoto begani.

"Sebati," Prafulla akasema. Alilisema kwa ile sauti yake isiyojua kipimo, na kule mwisho wa mtaa, dukani kwa chai, watu waliinua vichwa. "Anaitwa Sebati."

Kisha akaushika tena mkokoteni, akasukuma.